Sikio la Selotepu

Asubuhi ambayo Redio alikuwa aondoke katika maisha yake, Friji aliamka, akapiga mswaki, akatandika kitanda vizuri kuliko siku zote, kisha akakaa juu yake na kukivuruga. Alijipapasa kifuani kama mtu anayetafuta funguo. Hakukuta kitu. Hapakuwa na maumivu wala kwikwi, wala hata ile kokwa ndogo ya kooni ambayo wasichana wengine wa bweni walikuwa nayo kila Jumapili baada ya simu za nyumbani. Ndani mwake palikuwa kimya, pamepoa, pamepangwa. Taa tu ndiyo haikuwaka.

Jina la Friji hakupewa na wazazi, msomaji usiwafikirie vibaya. Alilipata wiki ya kwanza ya mafunzo, siku panya alipodondoka kutoka darini na kutua katikati ya meza ya chakula. Darasa zima, pamoja na wanaume wawili wenye ndevu, lilipanda juu ya viti. Yeye alimshika panya mkia, akamtoa dirishani, akanawa mikono, akarudi na kuuliza nani ana chumvi.

"Huyu si mtu," alisema kijana mmoja akiwa bado juu ya kiti. "Huyu ni friji. Mguseni muone kama hana barafu. Jamani, mmeona? Hata hakupepesa! Mimi nimekufa mara mbili, yeye anataka chumvi! Ningekuwa yule panya ningeomba radhi..."

"Kuna mtu anaweza kuzima hiyo redio?" Friji aliuliza.

Hivyo ndivyo wawili hao walivyobatizana. Wapenzi wengine hupeana pete.

Sasa, ili lililotokea baadaye lieleweke, ni lazima tuheshimu historia kidogo. Zamani, kampuni fulani ilijenga kiwanda cha betri ukingoni mwa bonde la akina Friji, watu waliokuwa hapo kabla ya barabara na kabla ya kampuni yenyewe. Kiwanda kikafa, kampuni ikahama, sumu ikabaki, maana haikuwa na pa kwenda. Udongo ukajaa madini ya risasi na mashamba yakazungushiwa kamba. Baada ya miaka mingi ya malalamiko, Baraza la Bonde lilikubaliana na chuo: chuo kilete wakufunzi na vifaa, bonde litoe ardhi na vijana, na vijana wafundishwe kusafisha udongo wa kwao wenyewe kwa mshahara. Nusu ya darasa ilikuwa watoto wa bonde, nusu watu wa nje. Mtoto wa bonde akifaulu, kazi ilikuwa yake. Mtu wa nje angeweza kubaki kwa sharti moja: mtoto wa bonde asimame mbele ya mjumbe wa Baraza na kusema, "Huyu nasimama naye." Kwa mdomo, si kwa karatasi. Karatasi bonde lilishapewa nyingi, tena zenye mihuri, na sumu ilikuja palepale. Na huyo wa nje akiharibu, aliyesimama naye anapoteza kazi pamoja naye.

Dada yake Friji, katika darasa la mwanzo kabisa, alisimama na mpimaji mmoja wa ardhi, kijana mwenye meno mazuri. Meno yale yalipata cheti, yakapata kazi mjini, yakaondoka na dada. Shangazi yao, aliyewalea wote wawili tangu mama yao alipofariki, na ambaye ndiye aliyekuwa mjumbe wa Baraza chuoni, hakumtaja tena dada huyo kwa jina. Alimwita "yule wa meno."

Basi jana yake, mchana, katika stoo ya vifaa, Redio alikuwa amemkuta Friji anahesabu glavu.

"Kesho gari la mgodini linakuja," alisema. "Wanataka watu wa kusafisha bwawa lao la maji machafu. Wamenikubali."

"Hongera."

"Hongera?"

"Unataka niseme pole?"

Redio aliegemea rafu. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa kidogo na macho yasiyojua kuficha kitu. Macho hayo yalikuwa yamemwangalia Friji tangu siku ya panya, darasani, kantini, kwenye foleni ya bomba, bila aibu wala mapumziko.

"Nataka useme utasimama na mimi," alisema. "Shangazi atakuwepo kesho kwenye mtihani. Maneno matatu tu. Sikuombi utabasamu. Sikuombi hata unitazame. Sema ukiwa umempa mgongo kila mtu, mimi nitaridhika. Gari likija nitamwambia dereva arudi na salamu zangu."

Friji alifungua mdomo. Tunataka iandikwe wazi kwamba aliufungua. Maneno yalikuwepo, aliyaona yamejipanga huko ndani kama chupa kwenye mlango. Lakini mkono wa kuyatoa haukupatikana. Ilikuwa vilevile siku ya maziko ya mama yake, watu wote wakimsubiri alie, mpaka binamu yake akajitolea kumfinya.

"Glavu namba tisa zimeisha," alisema.

Redio alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Ndilo jibu lako?"

"Zimeisha kweli."

"Unajua kwa nini naongea sana?" Sauti yake ilishuka, na Friji hakuwahi kuisikia ikiwa chini hivyo. "Kwetu tulizaliwa wengi. Ukinyamaza, unasahaulika mpaka kwenye chakula. Nimeongea na wewe muhula mzima nikijua siku moja utanijibu. Kumbe nilikuwa naongea na mlango."

"Wa friji," alisema Friji.

Alikusudia uwe utani. Ulitoka kama taarifa. Redio alitikisa kichwa polepole, akachukua begi lake, akatoka. Na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu mafunzo yaanze, kantini ilikula chakula kwa utulivu, na wengi walilalamika kuwa hakikuwa na ladha.

*

Mtihani wa vitendo ulifanyika nyuma ya kiwanda cha zamani, mahali ambapo kamba ya njano iligawa dunia sehemu tatu: upande mchafu, njia ya kuoshea, na upande safi. Upande safi kulikuwa na turubai, meza, na kiti kimoja cha plastiki. Kwenye kiti alikaa Shangazi, mwavuli magotini, mgongo wima. Hakuna zoezi hata moja ambalo hakuja kulitazama. Baraza lilimpa haki hiyo, naye hakuwa mtu wa kuacha haki yake ikae bure.

"Mwanangu, umekula?" alimuuliza Friji.

"Nimekula, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala."

"Unajisikiaje?"

Friji alijichunguza kwa uaminifu. "Sijisikii."

Shangazi alimtazama kwa muda. "Nasikia yule muongeaji wako anaondoka leo."

"Si wangu. Ndiyo, anaondoka."

"Afadhali. Meno yake nimeyaona." Akapangusa mwavuli ambao haukuwa na vumbi. "Si mabaya. Hilo ndilo linanitia wasiwasi."

Wakaitwa kuvaa.

Hapa tuzungumzie selotepu, na tunaomba utulivu. Mtu anayeingia upande mchafu huvaa suti nyeupe isiyopitisha vumbi wala maji, gambuti, glavu nyembamba ndani na glavu nzito za mpira nje, kisha barakoa yenye kioo na machujio mawili. Mahali suti inapokutana na glavu, na mahali inapokutana na gambuti, pana mwanya. Mwanya huo huzibwa kwa selotepu pana ya kijivu, inayozungushwa mara kadhaa. Huwezi kujizungushia mwenyewe, ndiyo maana kila mtu alikuwa na mwenzi wa suti tangu mwanzo hadi mwisho wa mafunzo. Wakati wa kuvua, mikono yote ikiwa kwenye mpira mzito, hakuna kidole kinachoweza kuona ncha ya selotepu ilipo. Kwa hiyo mfungaji hukunja ncha mwishoni, ikatokeza kidogo, iwe rahisi kuvuta. Ncha hiyo iliitwa sikio.

Mkufunzi, mzee mfupi mwenye kofia iliyopauka, ambaye kila sentensi yake ilianza na neno "kanuni", alikuwa amewaimbisha siku ya kwanza. Kanuni, hakuna mkasi wala kisu upande huu wa kamba; aliwahi kuona mkasi ukitoboa suti na mtu ndani yake. Kanuni, aliyekufunga ndiye akufungue, kwa kuwa yeye ndiye anayejua alianzia wapi na akaishia wapi. Hata kama mmegombana. Hata kama mmoja wenu ana harusi.

Friji alikuwa bingwa wa masikio. Masikio yake yalikaa mahali pamoja kila siku, juu ya mfupa wa kifundo, madogo, sawa, kama yametoka kiwandani. Masikio ya Redio yalikuwa makubwa na ya hovyo, lakini kila alipomaliza moja, aliligonga kidogo kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Muhula mzima alikuwa akibisha hodi kwenye vifundo vya mikono ya Friji, na Friji muhula mzima hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa akizisubiri hodi hizo.

Leo Redio alimfunga kwanza. Alizungusha selotepu kwa uangalifu, akakunja sikio. Hakubisha.

Friji aliliona hilo. Alisubiri kuumia, kama mtu aliyejikwaa anavyosubiri kidole kianze kupwita. Hakikupwita. Sawa, akajiambia. Akapokea selotepu na kuanza kumfunga Redio. Mikono yake ilijua kazi, haikumhitaji. Mkono wa kulia: kuzungusha, kukata kwa vidole, kubonyeza. Wa kushoto: kuzungusha, kukata, kubonyeza. Akapiga magoti, akafanya miguu. Redio alikuwa akitazama juu ya kichwa chake, barabarani, mahali gari lingetokea.

"Jamani, hata mazishini watu huongea," alinong'ona binamu yake Friji, yule wa kufinya, aliyekuwa akifungwa na mwenzi wake pembeni. "Mnanitisha."



*

Ndani ya barakoa mtu hasikii vizuri na hasikiki vizuri, kwa hiyo upande mchafu watu wote hupiga kelele. Siri za darasa lile zilijulikana hivyo. Lakini Friji na Redio walifanya kazi kwa ishara: dole gumba juu, kiganja chini, kidole kwenye kopo. Walichimba mahali palipowekewa kijiti, wakachota udongo wa kupimwa, wakaweka kibandiko, wakasogea. Walifanya vizuri mno. Mkufunzi, nje ya kamba, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha ya kitaaluma.

Kwenye kijiti cha mwisho, karibu na mfereji uliokauka, Friji alisimama. Pale palikuwa na mawe manne yaliyopangwa mraba, meusi upande mmoja. Aliyajua mawe yale. Mama yake alikuwa akiinjika hapo sufuria ya chai siku za palizi, kabla ya kamba. Alichota udongo wa mama yake, akautia kwenye kopo, akafunika. Akaandika kibandiko kwa mwandiko mzuri.

"HAPA NI WAPI?" Redio alipaza sauti. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile.

"SHAMBA LA MAMA."

Redio aliweka sepeto chini. "MBONA HUKUWAHI KUSEMA?"

"ULIKUWA UNAONGEA."

Walitazamana kupitia vioo viwili. Kioo kikiwa katikati, jicho huonekana kubwa kuliko lilivyo, na jicho la Redio lilikuwa limejaa maji na haliwezi kufutwa. Alitaka kusema kitu. Honi ya gari ikamuwahi.

Lilikuwa gari la mgodini, refu, jeupe, limechafuka mpaka kwenye vioo. Dereva alishuka, akanyoosha mgongo, akatangaza kwa dunia nzima:

"Yuko wapi huyo wangu? Nina safari ndefu na sitaki giza linikute njiani!"

"Anavua sasa hivi," Mkufunzi alimjibu. "Kanuni, aoshwe kwanza."

Wakaingia njia ya kuoshea. Wakasuguliwa kwa brashi na sabuni, mbele na nyuma, mpaka maji kwenye beseni yakaacha kubadilika rangi. Kisha ikafika zamu ya selotepu. Redio, kwa sababu ya gari, alinyoosha mikono kwanza.

Friji aliushika mkono wa kulia. Akapeleka kidole juu ya mfupa wa kifundo, mahali pake pa siku zote.

Hapakuwa na kitu.

Aliuzungusha mkono. Selotepu ilikuwa laini kuzunguka pande zote, imebonyezwa, inang'aa kwa maji, haina mwanzo wala mwisho. Akauzungusha tena. Akakwaruza kwa kidole cha mpira. Mpira ulikwaruza mpira.

"NINI?" Redio aliuliza.

"NGOJA."

Akachukua mkono wa kushoto. Laini. Akapiga magoti, akapapasa gambuti la kulia, akapapasa la kushoto. Alibaki amepiga magoti. Msomaji anayemjua mtu huyu ataelewa uzito wa jambo lenyewe. Ilikuwa kama saa ya ukutani imeshuka na kwenda kutembea.

"Kuna nini tena?" dereva aliuliza. "Si mchane tu?"

"Kanuni, hakuna kuchana," alisema Mkufunzi. "Ukichana hovyo unachana na suti."

"Mkasi?"

Mkufunzi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

Binamu, aliyekuwa nyuma yao akisubiri zamu yake, alichungulia juu ya bega. Kisha akafanya kile alichozaliwa kukifanya, yaani kutangaza. "HAKUNA SIKIO! SHANGAZI, FRIJI HAJAWEKA MASIKIO!"

Kiti cha plastiki kililia. Shangazi alikuwa ameinuka. Alikuja taratibu mpaka kwenye kamba, mwavuli mkononi, akasimama hatua chache kutoka kwao.

"Mkono upi?" aliuliza.

"Yote, Shangazi," alisema Mkufunzi, aliyekuwa ameinama kukagua. "Na miguu."

"Yote minne."

"Yote minne."

 Shangazi alikuwa ameitazama mikono ile ya Friji ikifunga watu tangu siku ya kwanza, na kabla ya hapo aliitazama ikifunga madaftari kwa karatasi ya kahawia, ikifunga vifungo vya sare, ikifunga kanga kiunoni mwa mama yake mgonjwa asiyeweza kujifunga mwenyewe. Haikuwahi kuacha kitu nusu.

Mkufunzi alikohoa. Alikuwa mtu wa kanuni, lakini hakuwa jiwe, na huyu alikuwa mwanafunzi wake bora. "Binti, nisikilize," alisema. "Mtu akisahau, namkata alama kidogo, anafaulu, kesho anaanza kazi. Mtu akifanya makusudi, huyo kaihatarisha suti ya mwenzake. Kanuni, arudie yote na darasa linalofuata, na Baraza liambiwe. Sasa nakuuliza." Akaitamka polepole, kama anayemsogezea kiti. "Umesahau, sio?"

Dereva alirudi garini, akapiga honi.

Friji alikuwa bado amepiga magoti kwenye maji ya sabuni, mikono yake miwili imelishika gambuti la mtu. Alijipapasa tena huko ndani, kama asubuhi. Je, alisahau? Alijaribu kuikumbuka ile dakika. Kuzungusha, kukata, kubonyeza. Mikono ndiyo iliyofanya, yeye hakuwepo. Lakini mikono ilikuwa ya nani? Kazi ilikuwa pale, tayari, ya kuokotwa kwa neno moja dogo. Shamba la mama. Mawe manne. Angesema ndiyo, Redio angefunguliwa kwa njia yoyote ile, angepanda gari, na kila kitu kingebaki kimepangwa na kimepoa kwa maisha yote yaliyobaki.

"Muacheni," Redio alisema. Alijaribu kupaza sauti, ikatoka kama chura ndani ya ndoo. "AMESAHAU! MIMI NDIYE NILIYEMCHANGANYA! MKUFUNZI, ANDIKA AMESAHAU, MAMBO YAISHE!"

"Wewe nani kakuuliza?" Shangazi alisema bila kumtazama. "Wewe ungekuwa unanyamaza, miti ya hapa ingekuwa na ndege. Wanaogopa kukaa." Akamgeukia Friji. "Mwanangu. Umesahau?"

Friji aliinuka. Maji yalimchuruzika kwenye suti. Akavuta hewa, na machujio yakapiga mluzi.

"SIKUSAHAU."

Kwa kuwa alikuwa ndani ya barakoa ilimbidi apige kelele, na kwa kuwa hakuwahi kupiga kelele maishani, hakujua pa kuipunguzia. Kunguru kwenye paa la kiwanda wakaruka. Kila mtu upande safi na upande mchafu aligeuka.

"NILIFANYA MAKUSUDI!"

"Kwa nini?" Shangazi aliuliza.

"ILI ASITOKE!"

"Kwa selotepu?"

"SIKUWA NA KITU KINGINE!"

Binamu alijishika kifua kwa glavu chafu, jambo linalokatazwa, na leo hakuna aliyemkemea.

"Dada yako naye alipenda," alisema Shangazi. Sauti yake ilikuwa tambarare, na sasa ilionekana wazi Friji alirithi wapi. "Nilimwamini. Nilisimama Barazani nikasema, mtoto wangu anajua anachofanya. Sasa napigiwa simu mwisho wa mwaka, naulizwa kama bado nipo. Kila binti ninayemleta hapa ajifunze kusafisha udongo wetu, anakuja mtu na meno yake anamfungasha. Niambie, na wewe utaondoka lini?"

"SIENDI POPOTE," Friji alisema. "MAWE YA MAMA YAPO PALE. NIMEYAONA LEO. MIMI NDIYE NITAKAYEUTOA UDONGO ULE, HATA NIKIRUDIA DARASA MPAKA NIOTE MVI."

"Na huyu?"

Maneno yalikuwa palepale yalipokuwa jana, yamejipanga mlangoni. Friji aliunyoosha ule mkono wa kuyatoa. Ulikuwa mzito, kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

"HUYU NASIMAMA NAYE."

 Hata dereva alitoa mkono kwenye honi.

Shangazi aliegemea mwavuli wake. Alimtazama Redio kuanzia gambuti hadi barakoa, kama anayenunua kitu asichokihitaji. "Wewe. Akipoteza kazi kwa ajili yako?"

Redio alifungua mdomo. Ulionekana kupitia kioo, umefunguka kabisa, na hakuna kitu kilichotoka. Muhula mzima wa maneno, na siku yalipohitajika yakawa yamekwisha. Alitikisa kichwa tu, kulia na kushoto, kulia na kushoto, machozi yakitiririka yanakotaka.

"Mh," alisema Shangazi. "Leo ndiyo kasema kitu cha maana." Akavuta pumzi ndefu. "Baraza limesikia. Sijasema limekubali. Kusikia ni kusikia. Tutakaa, tutamwita, tutamuuliza maswali, na nitamuuliza mimi mwenyewe, kwa siku nzima ikibidi." Akageuka kuelekea kiti chake, kisha akasimama. "Mfungue mwenzako. Taratibu. Usichane suti, ni ya watu wote."

"Mama, mimi gari langu..." dereva alianza.

"Gari lako lina magurudumu, baba. Yatumie."

Dereva alimtazama Redio. Redio aliitazama barabara, kisha akautazama mkono wake wa kulia, ambao tayari ulikuwa mikononi mwa Friji. Hakuusogeza. Mlango wa gari ulifungwa. Vumbi likapanda, likakaa, na kazi ya mgodini ikaenda zake.

Mkufunzi alitoa kalamu. "Kanuni," alisema kwa huzuni kubwa, "sifuri." Akaandika, akapuliza pua.

Friji alikuwa ameinama juu ya kifundo, akikwaruza. Alizungusha mkono wa Redio upande huu, akauzungusha upande ule. Hakuwa na haraka. Ndipo jambo la ajabu likaanza. Lilianzia kwenye ncha za vidole, ndani ya glavu mbili: mchomo mdogo, kama sindano, kisha mwingine, kisha mamia, ikipanda viganjani, mikononi, mabegani, kama mguu uliokufa ganzi unavyorudiwa na damu na mtu akatamani bora ubaki umekufa. Iliuma. Ilimuuma vibaya sana. Ilimuuma kwa ajili ya mama yake, na dada yake, na yale mawe, na jana stooni. Kioo cha barakoa yake kikaingia ukungu.

"Binti!" Mkufunzi alishtuka. "Barakoa inavuja?"

"HAIVUJI," Friji alisema, akilia kwa sauti ambayo bonde zima lingeweza kuisikia. "MIMI NDIYE NINAYEVUJA. NIACHENI, NAFANYA KAZI."

Hakuona kitu tena. Akaendelea kwa kupapasa, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mahali fulani upande wa ndani wa mkono, pale mshipa unapopita, kidole kikakwama kwenye ukingo mdogo. Alisita. Kisha, kabla ya kuuvuta, akaugonga kwa kidole, mara mbili.